Ombi la Kupunguziwa Milango

Kwa Mkurugenzi,
Kampuni ya Milango ya Vioo ya Kukunja na Madirisha ya Paa.

Ndugu Mkurugenzi,

KUHUSU: KUOMBA FAMILIA YANGU IZUIWE KUCHAGUA

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, umeketi katika ofisi yenye mlango mmoja ambao alikuchagulia mtu mwingine.

Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Nakuandikia badala ya kuja kwa sababu nikiingia katika ukumbi wenu wa maonyesho sauti hunikauka. Nimeshafika pale mara tisa pamoja na wazazi wangu, na katika mara zote tisa neno pekee lililonitoka ni "shikamoo". Nalo nilikiambia kioo. Niliona mtu amesimama upande wa pili, mnyonge, amekumbatia kitabu, nikamheshimu, kumbe nilikuwa najiamkia mwenyewe.

Napenda kusema mapema kwamba sina ugomvi na bidhaa zenu. Vioo vyenu ni safi, bawaba zenu hazipigi kelele, na reli zenu zimenyooka. Ninacholalamikia ni kitu kimoja: mnawaachia watu wachague. Mimi naamini hamkujua madhara yake, ndiyo maana nayaeleza hapa chini kwa mpangilio, ili yakisomwa kikaoni kila mjumbe ayaelewe.

Kwanza nieleze tulipotokea. Baba aliamua kuongeza chumba nyuma ya sebule yetu. Chumba hicho ni cha Bibi, mama yake Baba, ambaye anaishi peke yake safari ya saa sita kwa basi. Fundi mwashi alibomoa ukuta wa nyuma, akajenga, akaezeka na kusakafia, vyote kwa wiki tano. Akabakiza nafasi mbili: moja ya mlango, pana kwa mita nne, inayotazama uani, na nyingine kwenye paa, kubwa kama shuka. Akapangusa mikono akauliza, "Sasa hapa na pale tunaweka nini, mzee?" Baba akajibu, "Wiki ijayo nitakuambia." Halafu akampigia Bibi simu: "Usije kwanza, Mama, nyumba iko wazi. Mlango ukiwekwa tu, nakuja mwenyewe kukuchukua."

Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita. Malalamiko yangu ni haya.

1. Idadi ya mabawa. Ukurasa wa nne wa katalogi yenu unasema mlango wa kukunja waweza kuwa na mabawa, yaani vile vipande vinavyokunjana, matatu, manne, matano, sita au saba. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni taarifa tu. Baba yangu ni fundi cherehani. Alipoiona picha ya mlango uliokunjwa alivua miwani, akasema kwa sauti ya mtu aliyekutana na ndugu yake aliyepotea, "Haya ni marinda."

Tangu siku hiyo hatukupumua. Baba haamini picha, anaamini kitambaa. Alianza kwa kuushona mlango wenyewe: mita nne za kitambaa cha suti, rangi ya kijivu, wenye marinda matano, akauning'iniza kwenye bomba pale pengoni. Akaushonea kifungo cha koti kuwa kitasa. Wageni walikuwa wanakipapasa kifungo hicho kwa adabu wakisubiri kifunguke, na upepo ukivuma mlango mzima ulikuwa unaingia sebuleni na kukaa kwenye makochi.

Kisha akataka kujua kama mabawa saba yatalala vizuri yakigawanywa matatu kushoto na manne kulia. Kwa bahati mbaya, mwezi huohuo alikuwa amepewa kazi ya kushona sketi za darasa letu. Ndugu Mkurugenzi, wasichana thelathini na wanane wa shule yetu tunavaa mlango wenu. Marinda matatu kushoto, manne kulia, na moja kati ya hayo hufunguka peke yake kwa matumizi ya kila siku. Mwalimu mkuu alipompigia Baba kuuliza huu ni mshono gani, Baba alimjibu, "Bado naangalia, mwalimu, usiniharakishe." Wenzangu darasani wameniuliza mimi. Mimi ni mtu ambaye, nikiachiwa, ningetembea nikiwa nimebandikwa ukutani. Sasa napita uwanjani na sketi inayohitaji maelezo.

2. Rangi. Mnazo rangi kumi na moja, na zote ni kijivu. Mwakilishi wenu, yule bwana mpole mwenye sanduku la vipande ambaye nyumbani tunamwita Bwana Sampuli, alikuja akavipanga juu ya meza yetu ya kulia chakula. Mama ni muuguzi na alikuwa ametoka zamu, amekaa huku miguu yake iko kwenye beseni la maji. Bwana Sampuli akaanza: "Hiki ni kijivu cha wingu. Hiki cha mvua. Hiki cha baada ya mvua. Hiki cha njiwa, na hiki cha njiwa aliyekomaa."

Mama akaviangalia vyote. Halafu akanyoosha kidole. "Na hiki? Hiki nimekipenda. Hiki kimetulia."

"Hiyo ni meza yenu, mama," akasema Bwana Sampuli.

Mtu mwingine angecheka yakaisha. Baba akachukua msumeno. Alikata kona ya meza akampa Bwana Sampuli aipeleke kiwandani kwenu mtengeneze kijivu cha kumi na mbili. Hiyo ni miezi minne sasa. Naomba, nje kabisa ya ombi langu kuu, mturudishie kona yetu. Mgeni akikaa upande ule sahani humlalia mapajani, na Shangazi humwambia ndivyo chakula kinavyowahi kufika.

3. Upande wa kukunjia. Katalogi inauliza kama mlango ukunjwe kushoto au kulia, kwa ndani au kwa nje. Shangazi, dada mkubwa wa Baba, anaishi nasi na ni mwalimu wa udereva. Kwake yeye hili si suala la mlango bali ni la barabara. Alisema hawezi kuishi kwenye nyumba ambayo mtu anayetoka uani na mtu anayetoka sebuleni hawajui nani ampishe nani. "Mdogo wangu," alimwambia Baba, "watu wanakufa kwa mambo madogo kuliko haya."

Basi Baba akachukua chaki yake ya kupimia nguo akauchora mlango sakafuni, bawa kwa bawa, ukiwa umefungwa na ukiwa umekunjwa, na akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo tuutumie ili tujue unavyotufaa. Kila anayetaka kwenda uani asimame, ashike kitasa ambacho hakipo, asukume, akunje, apite, afunge. Aliyebeba sinia ana haki ya kupita kwanza. Anayerudi nyuma na ndoo awashe taa, maana yake aseme "narudi nyuma" mara mbili. Shangazi hukaa kwenye kiti chake pale kando na daftari. Mimi nimeshafeli mara sita.

Mama alirudi mchana mmoja, viatu mkononi, akapita moja kwa moja katikati ya mabawa yaliyofungwa.

"Wifi," akaita Shangazi, "umepita kwenye kioo."

"Nimeumia?"

"Bado tunaangalia."

"Basi mkiona damu niiteni. Mimi nakwenda kuoga."

Baba alipiga magoti akalichora upya bawa lile la tatu, polepole, kama mtu anayeliomba radhi.

Nisingelalamika kama mambo haya yangebaki nyumbani. Lakini wiki iliyopita nilifika kwenye maktaba ya shule, mlango wake uko wazi kabisa, nami nikasimama, nikashika hewa, nikaisukuma kushoto, nikaikunja, nikapita, nikaifunga nyuma yangu. Mkutubi aliuliza taratibu kama kuna mwenzangu aliyebaki nje.

4. Dirisha la paa. Hapa ndipo nilipokata tamaa. Mnauza la bapa, la umbo la piramidi, la duara, linalofunguliwa kwa mpini mrefu, linalofunguka kwa umeme, na lisilofunguka daima dumu. Baba alisema huwezi kununua kipande cha mbingu bila kukijaribu. Akakata makadibodi sita kwa maumbo yote sita, akatutandikia mkeka, na tukatakiwa kulala chali chini ya ile nafasi, kila mmoja na kadibodi lake usoni, kuanzia asubuhi hadi saa sita, tukiripoti tunachoona.

Nilipewa piramidi. Niliona wingu moja na mguu wa kunguru.

Fundi mwashi huja kila Jumamosi kuuliza kama mlango umepatikana. Jumamosi hiyo alipiga hodi kwenye turubai la pengo la mlango, hakujibiwa, akainua pembe, akakuta watu wanne wamelala sakafuni wamefunikwa nyuso.

"Jamani," akanong'ona, "kuna mtu mzima humu?"

"Watatu," Mama akajibu chini ya kadibodi. "Huyu wa pembeni ana dirisha lisilofunguka."

Alikuwa anamsema Shangazi, ambaye alikuwa amesinzia.

Niongeze kwamba siku nyingine zote nafasi yenyewe ya paani hufunikwa turubai, na kila mvua ikinyesha turubai hilo hushika mimba. Linashuka, linashuka, mpaka Shangazi apande juu ya stuli alisukume kwa ufagio. Mama, ambaye ndiye mwenye cheti cha ukunga, hukataa kushiriki. Mara ya mwisho lilijifungua juu ya Bwana Sampuli na sanduku lake. Vijivu vyote kumi na kimoja vililowa vikawa rangi moja, na kwa dakika chache, Ndugu Mkurugenzi, nyumba yetu ilikuwa na matumaini. Kisha vikakauka.

5. Kioo kinachojisafisha. Mlituachia kipande kimoja cha majaribio. Mama na Shangazi waliweka viti viwili mbele yake saa mbili asubuhi wakakitazama hadi wakati wa chakula cha mchana. Hakikufanya lolote. Mama alihitimisha kwamba kinaona haya kujisafisha mbele za watu. "Kama mwanao," Shangazi akasema, na wote wawili wakanigeukia. Sikustahili hilo.

6. Bwana Sampuli mwenyewe. Naandika haya kwa masikitiko kwa sababu ni mtu mwema na anabeba sanduku zito. Kosa lake ni uvumilivu. Tangu aanze kuja amekuwa akimwambia Baba, "Hamna haraka, mzee. Mlango ni kitu cha maisha." Ana kikombe chake kwetu sasa. Ana ndara zake. Siku moja nilimkuta anasimama mbele ya chaki, hakuna mtu anayemwona, anashika kitasa, anakunja kulia, anatingisha kichwa, anarudi, anakunja kushoto.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Alasiri moja, wiki kumi na moja zilizopita, Baba aliamua. Ninaikumbuka alasiri hiyo kama watu wanavyokumbuka siku za historia. Alisimama katikati ya chumba, akafunga futi kamba yake, akasema: "Basi. Mabawa matano. Kijivu cha mvua. Ukunjwe kushoto, kwa nje. Dirisha la bapa, la mpini."

Mama alikuwa anamimina chai na chai ikasimama hewani. Shangazi akakunja daftari. Bwana Sampuli akatoa kalamu, akaifungua kofia, akaiweka juu ya karatasi, kisha, kwa upole wake wote, akauliza:

"Mzee, una uhakika?"

Naomba swali hilo lipigwe marufuku katika kampuni yenu. Baba aliangalia kalamu. Aliangalia pengo. Akaketi. "Hebu nipe tena ile katalogi," akasema, na tukarudi ukurasa wa nne.

7. Bibi. Malalamiko yote hapo juu ningeweza kuishi nayo, hata ya sketi. Hili siwezi.

Nyumbani kwetu napendwa sana, lakini kila nikinyamaza mtu huniuliza mbona nimenyamaza, na nikiulizwa hivyo hata kile kidogo nilichotaka kusema hukimbia. Bibi hajawahi kuniuliza. Yeye hunyamaza pamoja nami, anachambua mboga zake, na baada ya muda najikuta nimezungumza saa nzima. Kwa utani wetu wa bibi na mjukuu ananiita "mke mwenzangu", ingawa Babu alishatutoka wote wawili kabla sijajua kuongea. Macho yake hayasomi tena maandishi madogo, kwa hiyo likizo zote mimi ndiye ninayemsomea. Ananikatiza kila ukurasa. Anawagombeza watu wa kitabuni, anawapa ushauri, na wasipoufuata anasema, "Mwache, atayaona."

Likizo ya mwisho niliyokwenda kwake tulifika sura ya kumi na moja ya riwaya moja nene, pale mhasibu anapokutwa ndani ya kabati la ofisi. Basi la kunirudisha nyumbani likapiga honi. Bibi akanishika mkono: "Usiendelee bila mimi. Tutamtoa tukiwa wote." Nikaahidi. Tangu hapo likizo mbili zimepita na sikwenda kwake, kwa sababu Baba husema, "Uende kufanya nini, na yeye anakuja wiki ijayo?" Mhasibu yule yumo kabatini mwezi wa saba huu. Kitabu kiko chini ya mto wangu. Sijakifungua.

Bibi hupiga simu kila Jumapili. Huuliza, "Huo mlango bado unapikwa?" Baba humweleza kuhusu marinda. Husikiliza mpaka mwisho, kisha husema, "Haya," na siku hizi ile "haya" yake inazidi kuwa fupi. Ana umri mkubwa. Katalogi yenu ina kurasa mia moja na arobaini. Nimepiga hesabu ya mwendo wetu, na sipendi jibu nililopata.

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo kwa unyenyekevu.

Kwanza, mtuchagulie. Ninyi wenyewe, leo. Fumba macho, Ndugu Mkurugenzi, fungua katalogi popote, weka kidole, na chochote kitakachokuwa chini ya kidole hicho mtuletee mkipigilie. Kama kidole kitaangukia picha ya yule mwanamke anayetabasamu kando ya mlango, mleteni naye, tutamzoea.

Pili, Baba akija ukumbini, mlinzi amwambie mmeacha biashara ya vioo na sasa mnauza magodoro. Mnaweza kuweka godoro moja mlangoni ili iwe kweli. Tafadhali liwe moja. Yakiwa mawili atauliza tofauti.

Tatu, ikiwa hilo ni gumu, naomba muwaandikie wenye viwanda wenzenu wote kwamba kuanzia sasa kila familia ipewe mlango mmoja, bila maelezo. Nimelifikiria hili kwa makini nikiwa nimelala chini ya piramidi. Vitu vyote vizuri nilivyo navyo sikuvichagua. Hakuna aliyenipa katalogi ya mabibi. Sikuulizwa kama nataka wa kushoto au wa kulia, anayefunguka au asiyefunguka. Niliwekewa mmoja tu, na sijawahi hata siku moja kutamani kuangalia mwingine. Kama mtu anaweza kupewa bibi kwa namna hiyo na akaridhika maisha yake yote, mlango ni nini?

Natanguliza shukrani, nikiamini utalishughulikia ombi hili kabla ya Jumapili, ambapo simu italia tena.

Nisalimie wajumbe wa kikao, mafundi wa kiwandani, dada wa mapokezi ambaye kila mara hunipa peremende bila kunitaka niongee, na mlinzi. Msalimie sana Bwana Sampuli na umwambie sikumsema kwa ubaya. Nyumbani wote wanakusalimu, ingawa hawajui kwamba nimekuandikia.

Mimi mtiifu wako,
Binti wa fundi cherehani, nyumba yenye turubai.

Baada ya sahihi: Nilikuwa natafuta bahasha niliposikia watu wanaongea sebuleni, nikatoka. Bibi amefika. Amekuja peke yake kwa basi la asubuhi, na mfuko mmoja, hakumwambia mtu. Alipita juu ya chaki zote bila kushika kitasa chochote, na Shangazi hakuandika kitu.

"Mama," Baba akasema, "mbona hukusubiri mlango?"

"Nimesubiri miezi saba. Nikasema hawa wanangu hawajui kuchagua, acha niende nikawachagulie. Ukishawekwa tu, mnipeleke stendi."

"Stendi kufanya nini? Hiki chumba ni chako."

Bibi akakitazama chumba, kuta zake, sakafu yake, turubai. "Changu? Nani aliniuliza?"

Baba alimtazama Mama. Mama alimtazama Shangazi. Shangazi alitazama juu. Nami nilisimama pale nikikumbuka maswali yote yaliyoulizwa katika nyumba hii tangu ukuta ulipobomolewa, na kweli, hilo halikuwamo. Hata mimi sikuliuliza.

"Mimi nina nyumba yangu," Bibi akaendelea, amekaa kwenye kiti cha Shangazi na kuvua viatu. "Nina kuku. Nina majirani ninaogombana nao tangu ujana wangu. Nikihamia huku watagombana na nani? Nitakaa hapa mpaka huo mlango wenu usimame. Siku hiyohiyo, mke mwenzangu, utanisindikiza."

Tumekaa naye tangu mchana. Tumeshasoma kurasa sita, mhasibu ametolewa, na Bibi amemwambia anachomfikiria. Nimeongea leo kuliko mwaka mzima.

Kwa hiyo, Ndugu Mkurugenzi, naomba kuyafuta malalamiko yangu yote, kuanzia la kwanza hadi la saba, na maombi yote matatu. Msituchagulie chochote. Tuleteeni katalogi mpya, ile nene zaidi, na ya vitasa, na ya bawaba, na kama kuna ya skrubu. Vijivu kumi na kimoja ni vichache sana kwa familia makini. Mrudisheni Bwana Sampuli haraka, na amwulize kila mtu kama ana uhakika.

Mniwie radhi kwa mwandiko huu wa mbio. Chai haijapoa, na Bibi ameomba katalogi, ameishika mbali na macho yake, ameweka kidole kwenye mlango wa kwanza kabisa wa ukurasa wa kwanza, na kusema, "Huu." Mama amekubali. Shangazi amekubali. Baba amekubali, na sasa hivi anatafuta simu yake awapigie. Tafadhali mwambieni huo umekwisha.